Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutumia soko la sarafu za kidijitali kwa usalama, kwa anayeanza

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu ninaoketi nao hapa Kisumu: wauzaji wa Kibuye, vijana wa bodaboda wa Kondele, walimu wanaoshuka kutoka Maseno na Luanda mwisho wa mwezi. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Siuzi sarafu, silipwi na soko lolote, wala sitakuambia ununue nini. Ninachotaka ni kwamba ukiamua kuingia, uwe umeijua njia ya kutoka kabla hujaweka pesa ya pili. Hilo nitalirudia, na swali la 11 ndilo limelibeba.

## Mwanzo kabisa

1. Sarafu ya kidijitali ni nini, na ina tofauti gani na pesa iliyo kwenye M-Pesa yangu?

Pesa iliyo kwenye M-Pesa ni shilingi. Kampuni ya simu huweka daftari, na shilingi zenyewe ziko benki. Ukikosea namba, unapeleka ule ujumbe kwa 456 na kuomba urudishiwe, na ukiwahi kabla haijatolewa mara nyingi unasaidika.

Sarafu ya kidijitali kama Bitcoin haina mwenye daftari mmoja. Daftari lake, liitwalo blokucheni, linawekwa na maelfu ya kompyuta kwa pamoja tangu Januari 2009, na kilichoandikwa humo hakifutwi. Huko hakuna 456. Uliyemtumia kwa makosa asipokurudishia kwa hiari yake, imekwenda.

Tofauti ya pili ni bei. Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 mwezi Novemba 2021. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, ilikuwa imeshuka chini ya dola 16,000. Oktoba 2025 ikapanda tena na kupita 120,000. Ukisoma namba hizo haraka unaona utajiri. Zisome ukiwa mzazi: aliyeweka karo ya 40,000 pale juu Novemba 2021, mwaka uliofuata alikuwa na kama elfu kumi, na shule haimsubiri mtu mpaka 2025.

Zipo pia sarafu thabiti, kama USDT na USDC, ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Hizo hazipandi na kushuka hivyo, lakini uthabiti wake ni ahadi ya anayezitoa, na ahadi hutofautiana. TerraUSD nayo ilidaiwa kuwa na thamani ya dola moja, na Mei 2022 iliporomoka kwa siku chache tu.

2. Soko la sarafu ni kitu gani?

Ni kampuni inayokuwezesha kubadilisha shilingi kuwa sarafu ya kidijitali na kuirudisha kuwa shilingi. Unafungua akaunti kwenye programu au tovuti yake, unaweka pesa, unanunua, unauza, unatoa.

Jambo moja linawapita wengi: sarafu zikiwa ndani ya akaunti ya soko, soko ndilo linalozishika. Unachokiona kwenye skrini ni deni lao kwako. Kama soko ni imara, deni linalipwa. Ndiyo maana tunauliza habari za leseni (swali la 5), na ndiyo maana wengine huhamisha sarafu zao kwenye pochi yao wenyewe, yaani programu au kifaa cha kushikia sarafu bila soko (swali la 22).

3. Lazima ninunue Bitcoin nzima?

Hapana. Bitcoin moja hugawanywa vipande milioni mia moja, na masoko mengi hukubali shilingi mia chache. Anayekuambia kiwango cha chini cha kuanza ni 20,000 au 50,000 ana haja zake.

4. Je, ni halali hapa Kenya?

Ndiyo. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kwa umma kwamba Bitcoin na nyinginezo si fedha halali ya malipo na hazina usimamizi. Kwa miaka kumi watu walinunua na kuuza hivyo hivyo, bila katazo na bila ulinzi. Kisha Bunge likapitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, Rais akaitia saini Oktoba 2025, na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2025.

Bado si pesa ya serikali. Mwenye duka Oginga Odinga Street hana wajibu wa kuipokea, na karo hailipwi nayo. Kilichobadilika ni kwamba kampuni inayotoa huduma hii sasa inatakiwa kuwa na leseni.

## Habari za leseni

5. Nitajuaje kama soko lina leseni kweli?

Sheria imegawa kazi kwa wasimamizi wawili. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inasimamia masoko yenyewe, yaani wanaoendesha ununuzi na uuzaji. Benki Kuu inasimamia upande wa malipo na utoaji wa sarafu thabiti. Orodha ya walio na leseni inatoka kwao, si kwa soko lenyewe. Andika anwani ya tovuti ya msimamizi kwa mkono wako, usifuate kiungo ulichotumiwa, kisha tafuta jina la kampuni herufi kwa herufi. Matapeli hupenda jina linalofanana na la kampuni inayojulikana, likiwa na herufi moja ya ziada.

Novemba 2025 wasimamizi hao walitangaza kwa pamoja kwamba walikuwa bado hawajampa yeyote leseni chini ya sheria hii. Kwa hiyo ukionyeshwa leseni ya soko la sarafu ya Kenya yenye tarehe ya kabla ya hapo, haiwezi kuwa ya sheria hii. Ondoka.

Karatasi tatu huwachanganya watu sana, na nimeziona zote zikiwa zimetundikwa ukutani kwa fremu nzuri. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa kampuni. Hicho kinasema kampuni ipo, basi. Ya pili ni cheti cha PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi; hata mimi ninacho. Ya tatu ni kibali cha biashara cha kaunti, kinachomruhusu mtu kufungua ofisi mjini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa ruhusa ya kushika pesa zako.

Na kama soko lina leseni ya nje, kwa mfano Umoja wa Ulaya au Dubai? Hiyo ni dalili nzuri kuliko kutokuwa na chochote, lakini jiulize: siku ukidhulumiwa, utaenda kwa nani ukiwa Nyalenda? Soko lenye leseni hapa lina msimamizi unayeweza kumwandikia barua na akakujibu.

6. Likiwa na leseni, basi pesa yangu haiwezi kupotea?

Inaweza. Leseni inamaanisha kuna kanuni, kwa mfano kwamba mali ya mteja itengwe na mali ya kampuni, na kuna mtu wa kuuliza maswali. Haizuii bei kushuka, na haikuzuii wewe kumpa tapeli msimbo wako.

Tena, usilinganishe na benki. Pesa iliyo benki hapa Kenya inalindwa na bima ya amana hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja benki ikianguka. Bima hiyo haigusi sarafu za kidijitali.

Masoko makubwa yameanguka. Mt. Gox ya Japani, iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati wake, ilifilisika mwaka 2014. FTX ilianguka Novemba 2022 ikiwa imetumia pesa za wateja kwa mambo yake, na mwanzilishi wake akafungwa. Februari 2025 wezi waliiba sarafu za karibu dola bilioni moja na nusu kutoka Bybit. Soko hilo liliendelea kuwalipa wateja, ila si kila soko lingeweza. Kwa hiyo hata kwenye soko lenye leseni, acha kile tu unachokitumia.

7. Mbona wanataka kitambulisho na picha ya uso wangu? Naogopa.

Ni haki yako kuogopa, na ni wajibu wao kuuliza. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataka wamjue mteja, na Kenya imekuwa ikibanwa zaidi tangu Februari 2024 ilipowekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, kikosi cha kimataifa kinachopambana na fedha chafu.

Unachopaswa kuangalia ni mahali unapopeleka picha hizo. Ndani ya programu ya soko ulilolihakiki, sawa. Kwa mtu wa WhatsApp anayesema ni "wakala wa usajili", hapana. Kitambulisho pamoja na uso wako vinatosha kumfungulia mtu mwingine akaunti au mkopo kwa jina lako. Na wasikuombe PIN ya M-Pesa. Hakuna soko la kweli linaloihitaji kwa mkono. Unaiingiza wewe mwenyewe kwenye simu yako unapolipa.

## Kufungua akaunti na kuilinda

8. Naomba unipe mpangilio wa kuanza.

Hakiki leseni (swali la 5). Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, kamwe si faili uliyotumiwa kwenye kundi. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya kazi hii peke yake. Jisajili kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho, yalingane na ya laini yako ya M-Pesa, la sivyo kutoa pesa kutakusumbua. Weka nenosiri na ulinzi wa pili (swali la 9). Kisha weka kiasi kidogo na ufanye jaribio la swali la 11 kabla ya kitu kingine chochote.

9. Nenosiri langu ni lile la Facebook, ni rahisi kukumbuka. Kuna shida?

Shida kubwa. Nenosiri likivuja sehemu moja, wezi hulijaribu kila mahali. Tumia sentensi ndefu isiyo na maana kwa mtu mwingine, uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Daftari chini ya godoro Manyatta ni salama kuliko picha kwenye simu inayozunguka mjini.

Halafu washa ulinzi wa hatua mbili. Ukipewa kuchagua, usichukue ule wa ujumbe mfupi. Chukua programu ya misimbo, inayotoa namba sita zinazobadilika kila sekunde thelathini. Namba hizo zinatengenezwa ndani ya simu yako, kwa hiyo mwizi wa laini hazipati. Unapoiwasha utapewa misimbo ya akiba. Watu wengi huipita haraka. Iandike kwenye lile lile daftari, maana siku simu ikipotea ndiyo itakayokurudisha (swali la 19).

10. Wezi wa laini wananihusu vipi?

Mtu anaweza kuisajili upya laini yako kwenye kadi yake, na kuanzia hapo ujumbe wako wote unakwenda kwake. Dalili ni mtandao kukatika ghafla wakati majirani wanao. Ukiona hivyo usingoje kesho. Azima simu, piga kwa kampuni yako ya simu.

Wa Safaricom, piga *100*100# uifunge laini yako isibadilishwe na wakala wa mtaani. Pia kumbuka huduma kwa wateja yao hukupigia kwa namba moja tu, 0722 000 000. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akisema "laini yako inafungwa, bonyeza hivi" ni mkora, hata akikutajia jina lako na namba ya kitambulisho. Ujumbe wa aina hiyo upeleke 333.

## Kuweka, kununua na kutoa

11. Kwa nini unasema nitoe pesa kabla hata sijaanza?

Kwa sababu kila soko, la kweli na la uongo, linapokea pesa vizuri. Kuweka ni dakika moja, PIN na ujumbe wa pongezi. Utalijua soko siku unapoomba pesa yako irudi.

Jaribio ni hili: weka shilingi 1,000. Nunua sarafu thabiti ya kiasi hicho. Uza siku hiyo hiyo. Toa yote kwenda M-Pesa yako. Andika kila namba: ulichoweka, ulichopata, makato, muda.

Nilifanya hivyo na soko moja nikiwa nimeketi kwenye kibanda cha chai pale stendi. Niliweka 1,000, nikanunua, nikauza, nikaomba kutoa. Ujumbe wa MPESA uliingia kabla chai haijapoa: 951. Shilingi 49 zilikwenda kwenye ada na tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Nilijua sasa kwamba mlango wa kutokea upo, na nilijua gharama ya kuupita.

Soko lingine nililolijaribu mwezi huo lilikuwa zuri zaidi kwa macho. Programu ilimeta, na 1,000 yangu ilionekana imekuwa 1,140 siku ya pili. Nilipoomba kutoa, ikaandika "inashughulikiwa". Siku tatu. Kisha mhudumu akaniandikia kwa upole sana kwamba ili akaunti ifunguliwe niweke 3,000 ya "uthibitisho", nitarudishiwa zote. Niliacha 1,000 yangu humo. Iliniuma, lakini Mama mmoja tunayeketi naye alikuwa ameambiwa maneno yale yale akiwa ameshaweka 60,000 ya mauzo ya omena, na alikuwa ameshalipa huo "uthibitisho" mara mbili.

Shika hili: soko la kweli hukata ada yake kwenye pesa unayotoa. Halikuombi uongeze pesa ndipo utoe.

Rudia jaribio kila unapotaka kupanda kiwango. Ukifanikiwa kutoa 1,000, jaribu 5,000. Na kumbuka M-Pesa yenyewe ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kiasi kikubwa hakitoki kwa mpigo.

12. Ada ni ngapi? Na huu ushuru wa asilimia 10 unakata pesa yangu yote?

Kuna makato ya aina tatu: ada ya soko, tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na ada ya mtandao unapohamisha sarafu kwenda nje ya soko. La pili ndilo linalofichika. Ukiona tangazo la "bila ada", linganisha hizo bei mbili.

Ushuru umewachanganya wengi. Tangu Julai 2025 ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 hutozwa kwenye *ada* ya soko, si kwenye pesa yako. Ukinunua kwa 2,000 na ada ya soko ni asilimia moja, ada ni shilingi 20, na ushuru ni shilingi 2. Si shilingi 200. Soko lenyewe ndilo linalouwasilisha.

13. Na ile kodi ya asilimia 3?

Ilianza Septemba 2023 na ilitozwa kwenye thamani yote ya muamala. Iliondolewa Julai 2025, ushuru wa swali la 12 ulipoingia. Ukiambiwa leo ulipe "kodi ya asilimia 3 ya KRA" kwa namba ya mtu ndipo utoe pesa, huo ni wizi. Lakini kama unanunua na kuuza kila siku na unapata faida, hiyo ni biashara, na mapato ya biashara hutangazwa. Weka kumbukumbu na uongee na mhasibu.

14. Rafiki ananiambia ninunue mtu kwa mtu, kwa P2P. Ni salama?

Inaweza kuwa, ukibaki ndani ya soko. Utaratibu wake ni kwamba muuzaji anaweka sarafu, soko linazishikilia, mnunuzi analipa kwa M-Pesa, muuzaji anathibitisha, soko linaachia. Ulinzi ni pale soko linaposhikilia. Anayekuambia "tumalizane WhatsApp, nitakupunguzia bei" anakuondoa mahali ulipolindwa.

Ukiwa muuzaji, usiachie sarafu kwa sababu umeona ujumbe. Ujumbe wa uongo hutungwa vizuri sana, una namba ya muamala na salio. Mwangalie mtumaji: wa kweli huja kwa jina MPESA, wa uongo mara nyingi huja kwa namba ya kawaida. Hata hivyo usitegemee macho tu. Fungua M-Pesa, angalia salio lako mwenyewe.

Na jina la aliyelipa lazima liwe lile la mnunuzi kwenye soko. Likitofautiana, "ni la shemeji yangu," kataa na urudishe. Mara nyingi shemeji huyo ni mtu aliyeibiwa asubuhi hiyo, na atakapopiga ripoti, akaunti itakayofuatwa ni yako.

15. Nimeambiwa nichague "mtandao" wakati wa kutuma USDT. Mtandao gani?

Swali zuri, maana hapa ndipo watu waangalifu huumia. USDT moja husafiri kwenye njia kadhaa, kama mtu anavyoweza kwenda Busia kupitia Luanda au kupitia Mumias. Ila hapa ukikosea njia, mzigo haufiki.

Anwani ya mpokeaji, yaani ule mlolongo wa herufi na namba unakotuma, inakuambia njia yake. Inayoanza na 0x ni ya Ethereum na mitandao ya jamii yake. Inayoanza na herufi T ni ya Tron. Za Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Mpokeaji akupe anwani *na* jina la mtandao, nawe uchague huo huo. Sarafu nyingine, kama XRP, huhitaji pia namba ya ziada iitwayo tagi. Ukiisahau unapotuma kwenye soko, sarafu zinafika ila soko halijui ni za nani.

Usiandike anwani kwa mkono. Inakili, ibandike, kisha ilinganishe: herufi sita za mwanzo, sita za mwisho, na chache za katikati. Katikati ni muhimu, kwa sababu kuna wezi wanaokutumia kiasi kidogo mno kutoka anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho, wakitumaini siku moja utanakili ya kwao kutoka kwenye orodha ya miamala. Tuma kwanza kidogo. Kikifika, tuma kilichobaki.

## Matapeli

16. Nimewekwa kwenye kundi la WhatsApp la "mafunzo". Watu wanaonyesha faida kila siku. Ni kweli?

Toka leo. Namba nyingi humo ni za mtu mmoja au kikundi kimoja. Picha za faida hutengenezwa. Mwanzoni watakulipa kidogo, 500 au 1,000, ili umlete dada yako.

Sisi hapa tunaujua upatu, ule wa kumlipa wa kwanza kwa pesa ya anayemfuata. Wazazi wetu waliupata mwaka 2006 na 2007, ukija kwa jina la uwekezaji na maombi kabla ya mkutano. Huu ni ule ule, umevaa neno Bitcoin. Ukiona faida ya uhakika, kila siku, na malipo kwa kuleta watu, hata neno "leseni" likitajwa mara kumi, si soko la sarafu. Soko la kweli halikuahidi faida, kwa sababu halijui bei ya kesho.

17. Nimeshatapeliwa. Nifanye nini?

Pole sana, na usijifungie kwa aibu. Saa za kwanza zina thamani. Kama ulilipa kwa M-Pesa, peleka ujumbe kwa 456 mara moja. Badilisha nenosiri. Kama ni ndani ya soko la kweli, wajulishe wazuie akaunti iliyopokea. Hifadhi kila kitu: ujumbe, namba, anwani, picha za skrini, usifute kundi kwa hasira kabla hujapiga picha. Piga ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na unaweza pia kuwapigia DCI, idara ya upelelezi wa jinai, bure kwa 0800 722 203.

Baada ya hapo atakuja mwingine, mara nyingi wiki ile ile, akisema ni "mtaalamu wa kurejesha pesa" na anataka ada kidogo tu. Ni wale wale au wenzao waliouziwa namba yako.

## Hali zisizo za kawaida

18. Chama chetu kina 200,000. Tunaweza kuweka kwenye soko?

Ushauri wangu ni hapana, na sababu si bei peke yake. Pesa ya chama benki ina watia saini watatu. Akaunti ya kawaida ya soko ina mtu mmoja, simu moja, msimbo mmoja. Mweka hazina akiugua, akikosana nanyi, au simu ikiibiwa stejini, wanachama ishirini wanabaki kumwangalia. Nimeona kina mama waliozikana kwa miaka kumi wakiacha kusalimiana kwa jambo hili, na mweka hazina hakuwa mwizi.

Kama kampuni inatoa akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja, hilo ni suala la kulijadili kikaoni, kuliandika kwenye kumbukumbu, na kuanza na faida ya mwaka badala ya akiba. Mkopo wa simu au Fuliza ya kununulia sarafu, hilo halihitaji kikao. Hapana.

19. Simu yangu imepotea, na programu ya misimbo ilikuwa humo.

Funga laini kwanza. Ingia kwenye akaunti kwa kifaa kingine ukitumia ile misimbo ya akiba ya swali la 9, ondoa simu ya zamani, badilisha nenosiri. Huna misimbo ya akiba? Andikia soko kupitia tovuti yake. Watakuhakiki upya kwa kitambulisho na uso, na inaweza kuchukua siku. Usitafute "huduma kwa wateja" kwenye Facebook, utawapata matapeli kwanza.

20. Kijana fulani ananiahidi 2,000 kila mwezi nimkodishe akaunti yangu.

Usikubali. Kitakachopita humo ni pesa iliyoibwa, na jina litakalosomwa mahakamani ni lako. Hata kama hukujua, utaeleza ukiwa ndani. Vivyo hivyo mama mwenye kabambe asiye na simu ya intaneti: usimfungulie akaunti kwa kitambulisho chake halafu uitumie wewe.

21. Mwanangu yuko Qatar, anataka kunitumia pesa kwa USDT kwa sababu ni rahisi.

Kwanza, yeye ahakikishe huko aliko anaruhusiwa. Kila nchi ina sheria yake, na Qatar huwakataza watoa huduma za sarafu hizi. Kisha pigeni hesabu yote: ada ya kununua kwake, ada ya mtandao, ada ya kuuza kwako, makato ya kutoa. Mara nyingine akiba inayosemwa inayeyuka. Kama nchi yake inaruhusu na hesabu imekubali, fuateni swali la 15, na mpigiane simu ya sauti kuthibitisha anwani. Ujumbe wa "Mama, nimebadilisha anwani" unaweza kutoka kwa mwizi.

22. Nihamishe sarafu kwenye pochi yangu mwenyewe?

Ukiwa na kiasi kidogo na unajifunza, soko lenye leseni linatosha. Pochi yako mwenyewe inakuondolea hatari ya soko kuanguka na kukupa nyingine: maneno 12 au 24 ya kuirejesha. Anayeyajua ndiye mwenye mali. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda. Yaandike kwenye karatasi, nakala mbili, mahali pawili. Usiyapige picha, usiyaandike kwenye WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, na usiyaingize kwenye tovuti yoyote inayodai kuhakiki pochi.

23. Nikifa, familia itapata?

Kwa soko lenye leseni, ndiyo, ikiwa wanajua kuna akaunti. Andika jina la soko na barua pepe unayoitumia kwenye karatasi, bila nenosiri, uiweke pamoja na hati za shamba na umwonyeshe mwenzi wako ilipo. Warithi watahitaji cheti cha kifo na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na kupata hati hiyo huanza na barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Wataje na akaunti hii kwenye orodha ya mali tangu mwanzo, kuongeza baadaye ni kurudi kortini. Kwa pochi yako mwenyewe hakuna mahakama inayoweza kuifungua bila yale maneno ya swali la 22.

Na wasikimbilie kutumia simu ya marehemu kutoa pesa usiku wa matanga. Soko likijua mteja alikwisha kufa, litaifunga akaunti, na aliyetoa atadaiwa na ndugu zake mwenyewe.